Sheria ya akili bandia imeruka mashimo ya Rubaya

Bihambwe, Masisi – Tarehe 10 na 11 Februari 2025, wakubwa wa dunia walikutana Paris kuzungumza namna ya kuongoza akili bandia. Nchi karibu 60 zilitia sahihi tangazo. Marekani na Uingereza zilikataa. Siku zile zile wahami wa Bulengo na Lushagala, wengi wao watu wa Masisi, walikuwa wanakunja maturubai: M23 iliwapa saa 72 watoke kambini. Tangazo la Paris halikutaja Kongo.

Wakaaji wa Bihambwe hawahitaji kufundishwa mambo hayo mawili yanakutana wapi. Rubaya ni jirani. Coltan ya huko hutoa tantali, madini ya kutengeneza vifaa vidogo vya umeme ndani ya simu na ndani ya kompyuta kubwa zinazoendesha akili bandia. Karibu 15% ya tantali ya dunia, inasemwa, hutoka pale. Tangu mwisho wa Aprili 2024 mashimo yako mikononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka huo kwamba kodi za coltan zinaiingizia karibu dola 800,000 kila mwezi, na kwamba tani zisizopungua 120 kwa mwezi zinavushwa Rwanda na kuchanganywa na za huko. Kigali inakana.

Ulaya itajibu kwamba sheria ya madini ya vita ipo tangu Januari 2021. Ipo kweli. Lakini Februari 2024 Umoja wa Ulaya huo huo ulitia sahihi mapatano ya madini na Rwanda. Na sheria yake ya akili bandia, ya Agosti 2024, inachunguza kamera zinazotambua nyuso na programu zinazochagua nani aajiriwe, faini ikifika euro milioni 35 na zaidi. Kuhusu jiwe lililo ndani ya mashine, kimya. Faini hiyo impate pia anayeuza mashine bila kuonyesha coltan ilitoka shimo gani na nani alilipwa njiani.

Kinshasa nayo isijifiche nyuma ya Paris. Hata kabla ya M23, makundi mengine ya silaha yalikula coltan ya Rubaya.

Na asije mtu kusema basi coltan ya Masisi isinunuliwe tena. Mwaka 2010 Rais Kabila alifunga machimbo ya Kivu kwa miezi kadhaa. Waliolala njaa walikuwa wachimbaji na watoto wao. Wenye bunduki walibaki na bunduki zao.