Si Kila Jibini Tezini ni Kifua Kikuu
Hoja iliyochapishwa kwamba usaha mzito mithili ya jibini katika tezi za limfu za mbuzi, yaani vichujio vya maradhi mwilini, ni ushahidi tosha wa kifua kikuu, inamhukumu mnyama huyo kwa sura tu. Bakteria aitwaye Corynebacterium pseudotuberculosis, ambaye jina lake lenyewe linatangaza kifua kikuu bandia, huacha tezini usaha mweupe wenye ukijani usio na harufu kali, ambao kwa kondoo mara nyingi hujipanga tabaka kwa tabaka kama kitunguu kilichokatwa. Ilhali uvimbe wa kifua kikuu aghalabu ni wa manjano, na kisu cha mkaguzi wa nyama kikiupasua husikika kikikwaruza chembe za chokaa. Hata mkwaruzo huo hautoshi, kwa kuwa majipu makuukuu yaletwayo na Corynebacterium nayo huweza kuingia chokaa, na ndiyo maana maabara huotesha vijidudu kwanza.