Bryce Young abaki hapo hapo Carolina

Wasee, niseme mapema ndio tusipotezeane wakati: Carolina Panthers wasitafute kwotabeki mwingine. Bryce Young abaki. Tangu Rams wawatoe kwenye mchujo 34-31 hii Januari, kila mwenye bando amekuwa kocha. Leo moto, kesho baridi. Ni mfupi sana. Auzwe. Sawa, auzwe, halafu aletwe nani?

Kama wewe ni mtu wa EPL tu, kwotabeki ndiye hupokea mpira karibu kila shambulio na kuamua unaenda wapi. Akikosea anakosea mbele ya watu wote, kama kipa. Ndio maana lawama zote humwangukia hata kama waliolala ni wengine.

Na wacha tuseme ukweli, jamaa hatabiriki. Angalia Novemba 2025 pekee. Waliwapiga Packers 16-13 kwao nyumbani. Wiki iliyofuata wakalala 17-7 kwa Saints, timu iliyokuwa imeshinda mechi moja tu msimu mzima. Wiki nyingine tena, Young akarusha yadi 448 dhidi ya Falcons, rekodi ya klabu. Halafu 49ers wakawanyamazisha 20-9. Halafu wakawapiga Rams, hao hao Rams, 31-28. Ni kama stima ya mtaani, hujui saa ngapi itapotea.

Lakini ulizeni hiyo stima iliunganishwa na nani. Mwaka 2023 Panthers waliwapa Bears rundo la nafasi za drafti pamoja na DJ Moore, mpokeaji wao bora, ndio wamchague Young wa kwanza. Moja ya nafasi hizo ikageuka kuwa ya kwanza mwaka 2024, na Bears wakaitumia kumchukua Caleb Williams. Baada ya kulipa hivyo, kijana akapewa nini? Msimu wake wa kwanza aliangushwa na mpira mkononi mara 62. Kocha Frank Reich akafutwa baada ya mechi 11. Akaja wa muda, kisha Dave Canales, ambaye 2024 alimweka benchi baada ya mechi mbili tu. Alirudi uwanjani kwa sababu Andy Dalton aliumia kidole gumba kwenye ajali ya gari. Yaani hata kurudi kwake hakukuwa mpango wa mtu. Makocha watatu chini ya mwaka mmoja, halafu mnashangaa hana mwendo mmoja?

Na hii klabu ina historia. Sam Darnold alikuwa kwao 2021 na 2022. Watu walimcheka, wakamwachilia. Mwaka 2024 akashinda mechi 14 na Vikings. Baker Mayfield wakamwacha Desemba 2022, katikati ya msimu. Akaenda Tampa Bay, kundi moja na Panthers, akashinda hilo kundi 2023 na tena 2024. Desemba iliyopita Darnold alirudi Charlotte na jezi ya Seahawks, wakaondoka na ushindi wa 27-10. Wawili tayari. Mtu akiharibika akiwa kwako na kupona kila akitoka, shida si yeye.

Najua mtaniambia kazi ni matokeo, na 8-9 si rekodi ya kuringia. Kweli, si ya kuringia. Lakini hiyo 8-9 imewapa ubingwa wa kundi kwa mara ya kwanza tangu 2015, na mchujo wa kwanza tangu msimu wa 2017. Na kwenye huo mchujo, zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu, Young alimtupia Jalen Coker na Panthers wakawa mbele 31-27. Hapo kazi yake ilikuwa imeisha. Ulinzi ndio ulimwacha Matthew Stafford atembee na mpira uwanja mzima. Kwani Young pia ni beki?

Mpaka mwanzo wa Mei klabu inafaa iamue kama itaongeza mkataba wake hadi 2027. Waongeze. Wamwache na kocha yule yule, mfumo ule ule, watu wa kumkinga wale wale. Hajawahi kupewa hayo yote kwa pamoja muda wa kutosha. Baada ya hapo akiwa bado ni stima ya mtaani, tutaongea vingine, na sitabishana na mtu.

Wakimtupa sasa, wataanza tena na mgeni, na kocha akipoteza mechi tano atafutwa, na mgeni naye ataitwa bure. Young naye atavaa jezi ingine mahali, na siku atakayorudi Charlotte na ushindi, nyinyi nyinyi ndio mtaandika eti mlijua.