Fundi kaharibu, tumweke ndani?

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea humu tangu kabla ya UE, na wako wawili watatu walionitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko. Sijadisko! (Bado.) Ni mambo ya nyumbani yalinibana, na leo nayaandika kwa sababu juzi hapa chumbani Mabibo tumebishana mpaka saa nane usiku, jirani akatugongea ukuta.

Ubishi ulianzia kwa mwenzetu mmoja ambaye shangazi yake wa Kibaha kawekewa vigae, miezi mitatu tu vinabanduka kama maganda ya kidonda. Jamaa anasema kesho asubuhi shangazi aende polisi, fundi alale ndani siku mbili, atatapika hela yote. Wote chumbani wakashangilia. Mimi nikakataa, nikaitwa wakili wa mafundi. Sikukataa kwa upole jamani. Nimekataa kwa sababu mwezi wa nne mwaka huu mimi mwenyewe nilisema maneno hayohayo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa kastaafu. Kiinua mgongo wengine wananunulia bajaji, yeye kamalizia nyumba huko Chamazi, kwenye kiwanja walichonunua na marehemu Baba zamani sana. Msingi ulikaa miaka unaota majani. Fundi tuliyempa kazi si wa kuokota barabarani, ni kijana wa mtaa wa pili, na siku tunamzika Baba alikuwa mmoja wa waliochimba kaburi. Mama hulitaja hilo kila mtu akimsema vibaya yule kijana.

Sasa hapa inabidi nikiri kitu. Ramani ya mwanzo ilikuwa na paa la kawaida tu, la mteremko, maji yanaanguka nje yanakwenda zake. Mimi ndiye niliyemwonyesha Mama picha kwenye simu, zile nyumba za paa la kuficha, mafundi wanaliita kontemporari, kwamba ndiyo ya kisasa na mbao zinapungua. Kuta zilikuwa zimeshafika linta. Fundi akakuna kichwa, akasema "inawezekana Mwalimu". Nani amewahi kumsikia fundi wa Bongo akisema haiwezekani?

Ufundi wa paa tulikubaliana milioni moja na laki nane, kwa mdomo, tumekaa kwenye ndoo zilizogeuzwa. Mama akalipa yote kabla bati la mwisho halijapigwa, kwa sababu mtoto wa fundi alikuwa kalazwa. Na mimi niliyepewa kazi ya kusimamia Jumamosi zile nilikuwa na mpira.

Masika ikaingia. Usiku mmoja Mama kanipigia simu, saa tano hivi, sauti yake ya chini kabisa: "Baba, huku ndani kunanyesha." Nilipofika kesho yake nikakuta jipsamu ya sebuleni imevimba, kipande kimeshadondoka juu ya kochi, ndoo nne sakafuni, na picha ya Baba aliyoivua ukutani ameilaza kitandani kwake ikauke. Mama hakulalamika. Alikuwa anakamua matambara tu.

Fundi akaitwa, akaja, akapaka lami kwenye maungio, akaondoka. Ikanyesha, ikavuja palepale. Baada ya hapo simu inaita haipokelewi. Kaka yangu mkubwa yuko Mwanza, akasema kwa simu ana rafiki kituoni, mwekeni ndani. Mimi nikasema sawasawa, tena leo leo. Mama akasema, "Mtamfunga aliyemzika baba yenu?" akaingia chumbani. Siku hiyo hakula.

Nikarudi chuo nimenuna. Mwenzangu wa kitanda cha juu anasoma sheria (yule anayekoroma, mnamkumbuka) ndiye aliyenipunguza kasi. Akasema kazi mbovu ni madai, siyo jinai, labda kama mtu alikuwa tapeli tangu mwanzo, kachukua hela bila nia ya kufanya kazi. Wenu kafanya kazi, kaifanya vibaya. Polisi wakimlaza ndani mtakuwa mmemtisha, lakini paa litakuwa palepale. Hilo la mwisho ndilo lililonikaa kichwani. Sisi tulikuwa tunataka nini hasa? Tulitaka kulala mvua ikinyesha.

Nikamwuliza kama tuna chochote mkononi maana hatukuandikiana. Akafungua Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, akanionyesha kwamba makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Kesi ya kiasi kile inakwenda mahakama ya mwanzo na inasikilizwa. Shida ni ushahidi: utaonyesha nini? Kifungu cha 73 kinampa aliyeumizwa haki ya fidia, lakini palepale kinataka iangaliwe pia njia zilizokuwepo za kupunguza hasara. Maana yake usikae umekunja mikono paa linavuja miezi sita, jipsamu yote ioze, halafu udai nyumba nzima. Basi nikanunua turubai, tukafunika.

Wengine mtasema kwa nini hamkwenda Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Bodi hiyo ipo kwa sheria ya mwaka 1997, na mkandarasi aliyesajiliwa akifanya madudu inaweza kumwajibisha mpaka kumfutia usajili. Fundi wetu hana usajili wa kufutwa! Na tusijifanye hatukujua, ndiyo maana bei yake ilitufurahisha.

Kilichofuata ndicho ninachotaka shangazi wa Kibaha akisikie. Mjomba alileta fundi mwingine aje kukagua. Akapanda, akashuka, akatikisa kichwa: hapa hakuna kazi, bomoa yote, nipeni milioni tatu na nusu. Mama nusura azimie. Wadau, mmewahi kuona fundi wa pili anamsifu wa kwanza? Huyo ni shahidi anayetaka kurithi. Tukatafuta wa tatu, mzee mmoja fundi sanifu aliyestaafu, tukamlipa elfu hamsini na tukamwambia kabisa kabla hajapanda ngazi: mzee, kazi ya kurekebisha hutapewa wewe, tunakulipa utuambie maji yanaingilia wapi na kwa nini.

Mzee yule hakutikisa kichwa. Aliziba bomba la kutolea maji kwenye gata, akatutaka tubebe maji ndoo kwa ndoo tulijaze, akakaa ndani sebuleni na tochi anaangalia dari. Dakika ishirini. Akaweka alama kwa chaki sehemu tatu. Halafu akapanda tena na pima maji na uzi. Jibu lake likatugawa wote. Gata la zege limejengwa limelala kinyume, maji yanakwenda mbali na tundu badala ya kuelekea kwenye tundu, na bati halikuingia vya kutosha juu ya gata: hayo ya fundi. Tundu la kutolea maji ni moja tu la inchi mbili kwa paa zima: hapo akauliza nani aliamua. Mama akasema fundi alitaka mabomba mawili ya inchi nne, yeye akasema yanamaliza hela, weka moja dogo. Na kubadilisha paa kuta zikiwa zimeshapanda, mzee akauliza wazo la nani. Nikaangalia ndala zangu.

Akayaandika yote kwenye karatasi ya daftari na michoro yake, pamoja na gharama ya kila kitu. Ilikuja kama milioni moja na laki mbili, vifaa na ufundi. Siyo tatu na nusu.

Nilipompigia fundi safari hii nilitumia simu ya jirani (ndiyo, ujanja wa kitoto) na sikumtukana. Nikamwambia, "Kaka, hatuji kudai hela. Kuna karatasi, njoo uisome kama unaikubali au unaikataa." Akanyamaza muda mrefu. Baadaye ndiyo akaniambia alikuwa amesikia mtaani kwamba kaka yangu ana mtu polisi, akalala kwa shemeji yake wiki mbili. Mnaona? Vitisho vyetu ndivyo vilivyomfanya asipokee simu, na sisi tukahesabu kutopokea simu kama ushahidi kwamba ni mwizi.

Tukakutana ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti, mjumbe wetu, Mama, fundi na mkewe, mimi. Mwenyekiti si hakimu na alilisema hilo mwenyewe, hawezi kumhukumu mtu. Anachoweza ni kuwakalisha mezani na kuweka sahihi yake kwamba mlikubaliana mbele yake. Fundi alisoma ile karatasi pole pole. Akabisha kidogo kuhusu mteremko, mwenyekiti akamwuliza kwa nini basi maji yamesimama upande wa choo, akakosa jibu. Akasema, "Mwalimu, gata ni kosa langu. Nilikuwa nawaza hospitali." Mama akajibu, "Na bomba ni kosa langu mwanangu." Mimi sikuulizwa, nashukuru.

Hela alikuwa hana, na hapa ndipo tunapogombana na wenzangu chumbani. Wanasema arudishe hela. Ipi? Alishalipa vibarua wake kila jioni, kilichobaki kilikwenda hospitali. Fundi wa mtaani hana akiba wala bima ya kazi. Ukimshika koo kwa laki nane asizokuwa nazo unamfundisha kukimbia tu, atahamia Mkuranga, na wewe utabaki na hukumu kwenye bahasha. Alichonacho ni mikono yake, basi ndiyo tuliyodai. Tukaandika: gata anabomoa na kujenga upya kwa nguvu zake, na saruji ya gata analipia yeye. Mabomba mawili ya inchi nne analipia Mama. Jipsamu nusu kwa nusu. Kazi ianze wiki ya kwanza ya mwezi wa saba, ikiisha yule mzee anarudi kujaza maji tena, na asiporidhika fundi anarudia. Asipotokea kabisa, karatasi hiyo inakwenda mahakama ya mwanzo. Sahihi, tarehe, nakala tatu.

Kwa kweli kuna hatari ya kumrudisha aliyeharibu aharibu tena, nakubali. Ndiyo maana sikwenda mpira likizo hii. Nilikaa pale siku zote tisa, nashika uzi, nahesabu ndoo za mchanga, na zege likishamwagwa nalimwagilia asubuhi na jioni wiki nzima kama bustani. Kuna siku fundi alitaka kuruka hatua, nikamwonyesha karatasi, akacheka akasema "umekuwa mwenyekiti siku hizi".

Kitu kimoja ambacho Mama alikitaka mwenyewe, na kwangu ndicho cha maana kuliko vyote. Ile nusu yake ya jipsamu, laki mbili na nusu, fundi ndiye aliyeipiga kazi na alistahili kulipwa. Mama akasema nusu ya hiyo utaipata leo, nusu utaipata masika ikipita. Fundi akakubali bila kununa. Kwenye mikataba mikubwa ya barabara na maghorofa hili ni jambo la kawaida, mwenye mradi anazuia sehemu ya malipo mpaka kipindi cha kuangalia kasoro kiishe. Sisi watu wa Chamazi tunalipa yote juani, halafu mvua ndiyo inakuja kukagua wakati mfukoni hatuna tena kitu cha kumwitia fundi. Kama mwanzoni tungebakiza hata laki mbili, nina hakika simu ingepokelewa. Wewe unayejenga sasa hivi, hebu niambie kwa nini usibakize. Usiniambie fundi atakataa. Atakayekataa kusubiri mvua moja anakuambia kitu kuhusu paa lake.

Kaka yangu wa Mwanza bado anasema tumelea ujinga. Mwenye shangazi wa Kibaha naye hajakubali, ila leo asubuhi kaniomba namba ya yule mzee, nikamwambia mzee hapandi daladala mpaka Kibaha kwa elfu hamsini, aongeze nauli na chai. Vigae nadhani vinapimwa kwa kugonga, vilivyo na uwazi chini vinalia tofauti. Yeye atajua.

Vuli imeanza. Juzi imenyesha Dar nzima, nikampigia Mama saa nne usiku. Kasema subiri, akaenda sebuleni, nikamsikia anaburuta kiti. Kumbe anapanda kugusa dari kwa mkono, mama wa miaka sitini! Pakavu. Nikamwambia ashuke. Kasema ngoja aguse na upande wa choo.

Kipindi cha saa mbili kinanisubiri na sijafua shati. Walio na uzoefu wa gata za zege tupieni maoni hapo chini, hasa kama kuna rangi ya kuzuia maji isiyo ya bei ya kutisha.