Mbele ya kununua kamio ya zamani, tuhesabu pamoja



Msimu huu koperative tatu za vilima vya Lubero zimetuuliza ulizo moja: "Agronomi, tumepata kamio. Ni ya zamani, lakini bei iko chini. Tununue?" Ulizo ni la haki. Hatutaki kulijibu mbiombio, kwa kuwa mara ya kwanza tulipoulizwa tulijibu mbiombio, na tukakosa. Leo tunaeleza kile kilichotokea na kile tunachowaza sasa.

Ile ya kwanza ilikuwa Mercedes 911, ile yenye pua fupi mbele. Ilikuwa imelala miaka kando ya duka, majani yameota katikati ya mapine. Mwenyewe aliomba dola 5 000. Wamemba walifurahi, na sisi pia tulifurahi, tuseme kweli. Wengi wetu tulikomaa tukisikia mlio wa kamio hizo zikipanda mlima. Motere yake haiko na ordinateri: ni mazutu, pompi na chuma, na mekanisie wa kijiji anaweza kuifungua na funguo zake na akili yake. Basi tulisema ndiyo, bila kuomba hata kartasi moja ya hesabu.

Kulikuwa sababu nyingine. Kijiji kile kiko na mzee mmoja, shofere wa zamani, mwenye Bedford iliyozeeka kuliko ile Mercedes. Inatembea. Kila mtu anaiona ikishuka sokoni. Watu walisema: "Kama ya mzee inatembea, yetu itakosa kutembea ju ya nini?"

Hapo ndipo tulikosa wote. Mzee yule anapenda Bedford yake sawa vile mwingine anavyopenda ng'ombe wake. Kila siku ya posho, nyuma ya saa sita, yuko chini yake. Akikosa piesi, anaitafuta miezi mitatu bila haraka, ao anaichonga mwenyewe. Kamio yake ikilala, hakuna viazi vya mtu vinavyooza, na hakuna anayekuja kumdai feza. Ni furaha yake, na anailipa kwa siku ambazo yeye hahesabu. Siku moja tulimwuliza: "Papa, gari hii inakuingizia ngapi kwa mwezi?" Akacheka: "Kuingiza? Mimi ndiye ninaingiza ndani yake." Tukacheka naye. Afazali tungeandika lile neno katika kaye.

Koperative haiko na siku za posho za kutoa bure. Iko na mavuno, na mavuno hayangoji.

Kamio ya koperative ilifanya safari tisa za Butembo vizuri. Safari ya kumi walipakia magunia 80 ya viazi vya kizungu, na juu yake wakapanda mama sita waliokuwa wanaenda kuuza. Tueleze ile namba ya 911. Ile 9 ni tonne 9, uzito wote, kamio yenyewe ikiwa ndani ya hesabu. Ile 11 ni nguvu ya motere, karibu farasi 110. Ukiondoa uzito wa kamio, mzigo unaobaki ni kama tonne 5, ni kusema magunia 50 ya kilo 100. Siku ile kulikuwa 80. Kwenye mteremko fureni zikakataa. Shofere alikuwa mwenye akili, akaisukuma kamio kwenye ukingo wa mlima. Mama mmoja alivunjika mkono. Kama ukingo ungekuwa upande wa pili, hatungekuwa tunaandika maoni leo, tungekuwa tunaandika matanga.

Mekanisie alipofungua magurudumu, alikuta mipira midogo ya ndani ya silinda za fureni haijabadilishwa tangu gari ilipolala. Mpira unazeeka hata kama gari haitembei. Kila mtu alijua inafaa kubadilishwa. Lakini feza yote ilikuwa imeisha kwa kununua, bateri na mapine mawili.

Kamio ililala majuma matatu. Viazi vya wamemba wengine vilingoja kando ya barabara chini ya hema. Munajua wenyewe: kiazi kikipigwa na mwangaza kinakuwa kijani, kichungu, na kinaweza kumgonjesha mtu. Kikinyeshewa ndani ya gunia, kinaoza na kuozesha jirani yake. Mwishowe mchuruzi mmoja akafika na Fuso yake, akatoa nusu ya bei, na watu wakakubali. Kamio ilinunuliwa ili tusimpigie mchuruzi magoti. Tulimpigia magoti, tena na deni juu.

Sasa tuhesabu. Namba hizi ni za mfano, kila koperative iweke zake. Tuseme kwenu kukodi kamio ni dola 4 kwa gunia. Magunia 50 ni dola 200 kwa safari. Mukiwa na kamio yenu, mazutu ni 70, shofere na konvoyeri 20, bariere na taksi za njiani 30. Inabaki 80. Hapo watu wengi wanaacha kuhesabu na kupiga mikono. Tuendelee. Mapine sita kwa dola 200 kila moja ni 1 200. Yakiisha nyuma ya safari 60, kila safari imekula 20. Mafuta ya motere na filtre ni 10. Piesi, na kamio ya zamani haikosi kuomba piesi, tuweke 30. Inabaki dola 20 kwa safari.

Mulinunua kwa dola 5 000, na mbele ya safari ya kwanza mukaweka 1 500 za kuitengeneza. Ni 6 500. Kwa dola 20 kila safari, munahitaji safari 325 ili feza irudi. Mukitembea mara 2 kwa juma, ni zaidi ya miaka 3 bila kulala hata juma moja. Na sisi wote tunajua kwamba mavuno hayako mwaka muzima, na mvua inafunga njia inapotaka.

Je, tunasema kamio ya zamani isinunuliwe? Hapana. Kuko wamemba waliotujibu vizuri katika mkutano. Mama mmoja alisema: "Agronomi, unahesabu faida ya kamio. Lakini mchuruzi akijua hatuko na gari, anangoja mpaka viazi vianze kuota, kisha anataja bei yake. Hiyo hasara umeiandika wapi?" Ni kweli, hatukuwa tumeiandika. Mahali ambapo hakuna kamio inayokubali kupanda, gari yenye faida ya sufuri inaweza kuokoa shamba zima. Hatubishi.

Lakini tunauliza jambo moja: nguvu mbele ya mchuruzi inatoka kwa magurudumu tu? Huku juu kwenye baridi, depo yenye giza na hewa inayopita vizuri inaweza kulinda viazi vya kula kwa majuma kadhaa. Mwenye depo anaweza kusema "nitauza juma lijalo". Mwenye kamio bila depo, fureni zikikataa, hawezi kusema kitu. Kwa maoni yetu, koperative yenye dola 5 000 ianze na depo, na ifanye mapatano ya kuandika na mwenye kamio moja ao mbili kwa msimu muzima. Feza ikiongezeka, kamio itafuata.

Na kama mkutano mkuu unaona kwamba kwenu kamio ndiyo ya kwanza, basi tunaomba haya:

1. Mekanisie wa kupima achaguliwe na koperative, si na muuzaji. Afike asubuhi, akute motere iko baridi. Muuzaji akiisha kuipasha moto mbele yenu, muulize ju ya nini. Moshi wa bluu ni alama kwamba motere inakula mafuta yake. Shasi iangaliwe pote, kwa chini, kama haijaunganishwa na moto.

2. Karte roze iwe na jina la yule anayeuza. "Kartasi ziko kwa ndugu yangu" ni mwisho wa mazungumzo.

3. Bei ya kununua isipite theluthi mbili za feza iliyoko. Theluthi moja ni ya fureni, mapine na direksioni, mbele ya gunia la kwanza kupanda.

4. Kila safari, feza ya piesi itoke kwanza na iingie kese yake ya pekee, mbele ya kugawa kitu. Mama keshie aishike, na kaye isomwe kila mwezi mbele ya wamemba.

5. Magunia yasipite uzito wa kamio, na mtu asipande juu ya mzigo. Mama wauzaji walipiwe moto ao nafasi katika gari ya watu. Hiyo ni gharama ya safari, iandikwe.

6. Kamio ya koperative haiendi arusi ya mtoto wa prezida. Haiendi hata matanga bila kulipa mazutu.

Neno la mwisho ni kwa vijana. Wengine wenu munapenda mashini, tunaona macho yenu wakati kofuli ya motere inafunguliwa. Mukitaka kuchanga feza yenu, mununue gari ya zamani iliyokufa na kujifunza kuifufua siku za posho, muende kwa yule mzee, atawapokea. Ni masomo ya kweli, na siku moja koperative itawahitaji. Lakini iwe feza yenu na siku zenu. Feza ya koperative ni jasho la mama aliyelima akiwa na mtoto mgongoni. Hiyo hatuchezee.

Mama aliyevunjika mkono amepona, na msimu huu amepanda tena. Kamio iko imesimama kwenye uwanja wa koperative, inangoja piesi. Katika mkutano mkuu unaokuja wamemba wataamua kama watauza ao watatengeneza. Safari hii tutafika na kartasi ya hesabu mkononi, na tunaomba kila memba afike na yake.