Mufuko upunguzwe, mugongo upone

Mwenzetu akianza kushika kiuno, wenye mali wanasema: «Alisha kuzeeka, hana tena nguvu.» Na ana miaka 35 tu! Sisi wa sindika tunakataa neno hilo. Kilichomumaliza si miaka, ni namna anavyotumikishwa.

Wanaopenda michezo watakumbuka Philip Boit, Mukenya wa kwanza kushindana mu Olimpiki ya baridi, kule Nagano, Japani, mwaka 1998. Alikuwa mukimbiaji, na alikuwa amejifunza kuteleza juu ya teluji miaka 2 tu. Pumzi alikuwa nayo, miguu pia. Lakini ku kilometa 10 alifika wa mwisho, na mushindi, Bjørn Dæhlie wa Norvege, akamungojea ku mustari amukumbatie. Nguvu peke yake haitoshi. Ile kazi inataka kifundo cha muguu, goti na nyonga vikunjike pamoja. Kifundo kikiwa kigumu, uzito wa mwili unabaki nyuma. Mu shimo ni vilevile. Mutu asiyeweza kuchuchumaa vizuri, kwa sababu nyonga na vifundo vimekauka ao tuneli ni nyembamba, anakunja mugongo ili afikie chini. Na mugongo njo unalipa deni.

Hesabu yake si ngumu. Nyama zinazosimamisha mugongo ziko karibu sana na mifupa, kama sentimeta 5. Ukishika jiwe la kilo 20 na mikono imenyooka mbele, sentimeta 50 toka mugongo, zile nyama zinavuta kama kilo 200. Lete jiwe karibu na tumbo, sentimeta 25, na nusu ya mateso inaondoka. Jiwe ni lilelile.

Tuangalie mama zetu mu mashamba ya karanga. Wengi wanakunja ku nyonga, mugongo unabaki sawa kama meza. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Vijana wetu wanaotoka Kamina kwenda mashimo ya Malemba-Nkulu ao Kolwezi wangeangalia hapo kwanza, kuliko kuiga yule anayenyakua mufuko kwa kishindo ili wenzake wapige makofi. (Mama wanaosafisha madini mu maji kutwa nzima wanaumwa kiuno hata wakiinama vizuri. Tutarudi kwao siku ingine.)

Kuna mambo mawili watu wengi hawayajui. Asubuhi, mutu akiamuka, vile vitu laini vilivyo katikati ya mifupa ya mugongo vimejaa maji. Njo maana asubuhi mutu ni murefu kidogo kuliko magaribi. Kuinama sana na mzigo saa hiyo ni hatari. La pili: ukikaa mu tuneli umejikunja saa nzima, mishipa inayoshika mugongo inalegea. Ukitoka, usibebe mufuko palepale. Simama, nyoosha kiuno, tembea kidogo kwanza.

Lakini hapa tunawaambia wakubwa waziwazi: msituletee mafundisho ya kuinama vizuri na kuacha mufuko kama ulivyo. Uchunguzi wa inchi nyingi umeonyesha kwamba kumufundisha mutu kuinua, bila kupunguza mzigo, hakulindi mugongo wake. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa linasema kwamba mzigo wa mwanaume mukubwa ukipita kilo 55, lazima upunguzwe upesi. Nani amepima mifuko yetu? Mubebaji analipwa kwa safari, si kwa kilo. Kwa hiyo kila kilo inayoongezwa ni faida ya mwenye mali, na muzigo wa bure kwa kijana. Hata hapa ku gare, wabebaji wanajua mchezo huo.

Na akivunjika, nani anamulisha? Mwenye kontra anaweza kugonga mulango wa CNSS. Mubebaji asiye na karatasi anarudi nyumbani, bibi anaanza kuuza makala, na mutoto wa kwanza anaacha masomo ili aende kubeba mufuko uleule.

Tunataka mizani ku mulango wa kila shimo, na mufuko usipite kilo 50. Mufuko mukubwa ubebwe na watu wawili, na malipo yao yasigawanywe. Wakubwa wa kooperative wakisema mizani ni ghali, waanze na mifuko midogo: hiyo haihitaji mashini yoyote.