Tusimdharau Dhegdheer

Msomaji wangu, iko hadithi moja katika nchi ya Garissa, Wajir na Mandera ambayo mtoto wa Kisomali huisikia kabla hajajua kusoma, na ambayo akisha kujua kusoma hufundishwa kuionea haya. Ni hadithi ya Dhegdheer, na maana ya jina hilo ni Sikio Refu. Dhegdheer ni zimwi la kike. Ana sikio moja refu kupita kiasi, ambalo kwa hilo husikia hatua za msafiri aliye bado mbali, na ana mbio ambazo ni watu wachache mno waliopata kuzishinda. Chakula chake ni wanadamu. Nadai mbele yako kwamba hadithi hii ni sawa na hadithi yoyote ya kutisha iliyopata sifa duniani, kwamba yastahili kuandikwa riwaya kamili na riwaya hiyo kufanywa sinema, na kwamba dharau inayotupiwa haina msingi wowote.

Wako wasemao kuwa hadithi za kutisha, ziwe za kitabu au za sinema, ni takataka zisizofaa wanafunzi. Watu hawa hawajui wanachokitukana. Mary Shelley alikuwa na umri wa miaka 18 alipoanza kuandika Frankenstein mwaka 1816. Kitabu kilitoka mwaka 1818, nacho mpaka leo husomwa katika vyuo vikuu kwa sababu chauliza swali lisilozeeka: muumba ana wajibu gani kwa kiumbe chake? Riwaya ya Dracula ya mwaka 1897 ilifanywa sinema Ujerumani mwaka 1922, kwa jina la Nosferatu, bila ya idhini. Mjane wa mwandishi alishtaki, na mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Nakala chache ziliponea, na sinema iliyohukumiwa kufa sasa huhesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za sanaa hiyo. Wewe usomaye haya yamkini una miaka 17 au 18. Basi usikubali kuambiwa kuwa fani hii si ya watu wa akili, wala si ya umri wako.

Wengine husema, na hawa ndio wengi, ati Dhegdheer ni porojo za vikongwe, si fasihi. Twende Japani. Mwaka 1904 Lafcadio Hearn alichapisha kitabu kiitwacho Kwaidan, mkusanyo wa hadithi za kale za mizuka, ambazo baadhi yake alisimuliwa na mkewe Setsu. Miaka 60 baadaye Masaki Kobayashi alizifanya sinema kwa jina lilo hilo, na mwaka 1965 ikatunukiwa huko Cannes. Zilikuwa nini hadithi zile hapo mwanzo? Zilikuwa maneno ya wazee mbele ya watoto wenye usingizi. Tofauti kati ya bibi wa Japani na bibi wa Garissa, ayeeyo kama aitwavyo nyumbani, si ubora wa hadithi zao. Ni kwamba wa kwanza alipata mtu wa kuandika. Hata herufi rasmi za kuandikia Kisomali zilipatikana mwaka 1972 tu. Hadithi iliyoishi muda wote huo juu ya ulimi peke yake si hadithi dhaifu.

Tena hofu ya nchi yetu haikosi wanunuzi. Mwaka 1898 simba wawili waliwala vibarua wa reli waliokuwa wakijenga daraja huko Tsavo. Patterson, mhandisi aliyewaua, alitoa kitabu mwaka 1907. Ngozi aliziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, mwaka 1924. Na mwaka 1996 ikatoka sinema The Ghost and the Darkness. Sinema hiyo ilipigwa Afrika ya Kusini, na simba wake wana manyoya marefu ya shingoni, hali wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Siilaumu, ni sinema nzuri kuliko wengi wanavyokiri, na ilipata tuzo ya Oscar kwa sauti zake. Nauliza tu: kama simba wawili waweza kujaza majumba ya sinema, itakuwaje kwa Dhegdheer?

Tazama alivyoundwa. Mazimwi mengi hutisha kwa meno. Huyu hutisha kwa sikio. Mtu wa pwani au wa milimani huenda asione uzito wa jambo hili, lakini wewe uliyelala katika uwanda wa Garissa wajua. Usiku upepo ukitulia, kengele ya mti shingoni mwa ngamia husikika kutoka mbali sana, na kikohozi cha mtu hakifichiki. Katika nchi isiyo na mlima wa kujificha nyuma yake, adui wa kuogopwa si yule akuonaye bali yule akusikiaye. Msimulizi akifika pale ambapo wasichana wanapita karibu na Dhegdheer, watoto wote huzuia pumzi bila ya kuambiwa. Ni mtengeneza sinema gani asiyetamani ukimya kama huo?

Kisha tazama mwisho wake. Masimulizi hutofautiana, lakini katika yale yajulikanayo sana zimwi hulala, na maji yaliyochemka humwagwa ndani ya sikio lile lile refu. Kilichompa nguvu ndicho kilichokuwa mlango wa mauti yake. Na akisha kufa, bonde la Hargega, alikokaa na kulitia ukame, hunyeshewa mvua likawa kijani. Hapa ndipo wenye kudharau wangenyamaza kama wangesikiliza. Zimwi hili ni njaa yenyewe. Wasomali waliuita ukame mkuu wa mwaka 1974 Dabadheer, yaani Mkia Mrefu. Jina hilo na jina la Dhegdheer yamefinyangwa kwa udongo mmoja. Wewe uliyeona misimu mitano ya mvua ikipita mitupu mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, na mizoga ya ng'ombe kando ya barabara, huhitaji mwalimu wa kukufasiria.

Yuko atakayesema kuwa hadithi humtukana mwanamke kwa kumfanya zimwi. Lakini ni nani wamwangamizao? Ni wasichana. Sikumbuki hapo shujaa wa kiume mwenye mkuki. Pana vijana wa kike, chungu cha maji, na ujasiri wa kungoja mpaka mlaji alale.

Lipo pingamizi moja ambalo silijibu kwa haraka. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mtu aweza kusema: mji uliokwisha kuona hayo wataka mazimwi ya nini? Nami nasema kwamba hofu isiyo na sura hukaa ndani ya mtu bila ya kutoka. Taarifa ya habari humpa mtoto idadi ya maiti, kisha humwacha peke yake na usiku. Bibi humpa sura, humpa sauti ya mbio zikija, na humkalisha karibu yake mpaka maji yachemke na mvua inyeshe. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na Dhegdheer anatujua.

Mwaka 2007 hadithi hii ilichapishwa kitabu cha picha kwa Kiingereza na Kisomali. Si Garissa wala Nairobi, bali Minnesota, Marekani, kwa ajili ya watoto wa wahamiaji. Waliokimbia nchi walimbeba zimwi lao kuvuka bahari, nasi tuliobaki tunamwonea haya! Mwombe bibi yako akusimulie safari hii wewe ukiwa na daftari, uandike kila neno, hata yale unayodhani ni ya kitoto. Atakayepiga picha za sinema hiyo hatakuwa na haja ya kusafiri. Uwanda waanzia pale nyumba za mji zinapokwisha.