Kilemba cha Mwalimu wa Baiskeli

Ukitoka Rongo kuelekea Homa Bay utapita Asumbi, mji mdogo wenye misheni kongwe ya Kikatoliki na chuo cha ualimu kijulikanacho Kenya nzima. Hapo nilimwona kijana akipanda mwinuko kwa baiskeli ile nzito iitwayo Black Mamba, gunia la mahindi nyuma yake, wala hakushuka kusukuma. Nikajiambia: miguu ipo. Wa kuisomesha yuko wapi?

Suali hilo likanikumbusha David Kinjah. Huyu ni Mkenya aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya baiskeli, akapata hata kusajiliwa na timu ya kulipwa huko Italia, mlango ambao Waafrika weusi wa zama zake hawakufunguliwa kwa urahisi. Lakini sifa yake kubwa si mbio alizokimbia, bali ni chuo alichokianzisha nyumbani kwake Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu. Aliwakusanya vijana wa kimaskini, akawafunza kuendesha baiskeli na kuitengeneza. Kundi hilo likaitwa Safari Simbaz.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo mtoto wa Kizungu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1985, jina lake Chris Froome. Mama yake ndiye aliyempeleka kwa Kinjah. Mwaka 2006 mwalimu na mwanafunzi wote wawili waliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne. Mwaka huo huo Froome alitaka kushiriki mashindano ya dunia ya vijana Salzburg, Austria. Kama alivyosimulia mwenyewe, alijiandikisha kwa kuandika barua pepe kwa jina la mkubwa wa chama, akasafiri peke yake, bila kocha. Alipoanza tu mbio akamgonga mwamuzi, wote wawili chini.

Mwaka 2008 akaihama bendera ya Kenya, akachukua ya Uingereza. Kilichofuata dunia inakijua: akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, na medali mbili za shaba za Olimpiki, London 2012 na Rio 2016. Zote zimeandikwa kwa Waingereza.

Wako wasemao kijana yule alitutupa. Mimi sisemi hivyo. Asili ya wazazi wake ni ya Kiingereza, na haki yake ilikuwa kuchagua. Tena mtu anayelazimika kujiandikia barua mwenyewe ili aiwakilishe nchi yake, huyo hajaihama nchi. Nchi ndiyo iliyochelewa kumpokea. Linaloniuma ni jingine. Froome alipokosa mlango hapa, alikuwa na mlango wa pili. Wenziwe wa Mai-a-Ihii, waliofuata gurudumu lile lile la mwalimu yule yule, mlango wa pili hawakuwa nao.

Sisi watu wa pwani tunaijua thamani ya mwalimu. Mtoto akihitimu msahafu chuoni, wazee hawaendi kwa mwalimu mikono mitupu. Humpelekea kilemba chake, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Kilemba si malipo, maana ilimu hailipiki. Ni ushahidi mbele ya watu kwamba mtoto huyu hakuota kama uyoga. Kuna mtu aliyekaa naye, akamrudi, akamvumilia.

Je, Kinjah tumempa nini? Kila Froome aliposhinda, waandishi walipanda Kikuyu, wakampiga picha mwalimu na rasta zake, wakateremka. Hicho ni kilemba cha ukoka. Kikipigwa na jua la siku moja, kimekauka.

Wala tusijidanganye kwamba mbio hizi ni za Wazungu peke yao. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, akashinda tatu na fulana ya kijani juu yake. Kwao baiskeli ni jadi tangu zama za Wataliana, nayo jadi hutunzwa. Rwanda nayo iliyaleta mashindano ya dunia Kigali mwaka 2025, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Na Mkenya Suleiman Kangangi aliwahi kuwa wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017. Ajali ilimchukua Agosti 2022 akiwa mbioni Vermont, Marekani, naye bado akiwatafutia njia vijana wa kwao. Mungu amrehemu.

Basi ninalolitaka ni dogo. Asumbi wanafunzwa walimu wa kusomesha watoto wa Kenya. Nini kinachozuia walimu hao kufunzwa na baiskeli, japo kwa saa chache za michezo, na mtu kama Kinjah akaitwa kwa heshima na kwa ujira kuwafunza? Serikali za kaunti zitoe baiskeli chache, na chama cha mchezo huu kiwaandikie vijana barua zao kwa wakati.

Kijana yule wa gunia alifika juu ya mwinuko, akafuta jasho, akaendelea. Hakuna aliyempimia saa. Siku atakapopata wa kumpimia, mwalimu wa Mai-a-Ihii atakuwa amevikwa kilemba chake, cha nguo, si cha ukoka.